Kiti cha Mbele

Okoth alikuwa na sikio. Hivyo ndivyo alivyowaambia watu, na kwa kuwa aliimba besi katika kwaya ya kanisa lao pale Kitengela, hakuna aliyejisumbua kumbishia. Alidai kwamba akiwa amekaa sebuleni anaweza kukuambia kama lori linalopita nje limebeba mawe ya machimbo au kokoto. Hakuna aliyewahi kutoka nje kuhakikisha. Kwa hiyo gari lake lilipoanza kupiga kelele asiyoijua inatoka wapi, Okoth hakuona kwamba gari limeharibika. Aliona ametukanwa.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu nyeupe ya milango minne, mpya kwa maana ile ya Kenya, yaani mtu mwingine alikuwa ameichosha kwanza. Aliinunua ili imfikishe kazini Athi River, alikokuwa mhasibu wa kiwanda cha unga, na Jumamosi ibebe saruji na mbao hadi kwenye ploti yao karibu na mji wa Kajiado. Ploti ilikuwa na ua, choo, na matumaini mengi. Mkewe Nzisa alilia siku pikapu ilipoingia getini. Aliiombea, akapiga picha ameegemea boneti, na picha hiyo akaituma hadi kwa watu aliokuwa amekosana nao.

Kelele ilianza wiki chache baadaye. Ilikuwa ndogo, ya kitu kigumu kinachogonga chuma: krrr-tik-tik, kisha kimya, kisha krrr-tik tena gari likipita tuta. Na matuta Kitengela si haba; kuna mitaa ambayo watu walijenga tuta kabla ya kujenga nyumba. Okoth alizima redio, akasikiliza. Alifungua dirisha, akasikiliza. Alisimamisha gari kando ya barabara na kuinama chini yake akiwa na tai shingoni, mpaka mama aliyekuwa akichoma mahindi hapo karibu akamuuliza kama amegonga mbwa.

Jioni hiyo alimweleza mkewe.

"Gari inapiga kelele."

Nzisa alikuwa akikata sukuma wiki. Kisu kilisimama. "Kelele gani?"

"Krrr-tik-tik. Hivyo."

"Na ulikuwa umebeba nani?"

"Nibebe nani? Nilikuwa peke yangu."

"Peke yako," Nzisa alisema, akaendelea kukata sukuma, safari hii polepole sana. Mwanamume mwenye sikio angesikia kitu katika sauti ile. Okoth alikuwa na njaa, akauliza kama ugali umeiva.

Fundi wa kwanza aliyemwendea alikuwa Wahome, mwenye gereji ya mabati kando ya barabara ya Namanga. Okoth alimwigizia kelele ile kwa mdomo. Wahome alimwomba airudie, akawaita wenzake waje waisikie nao, na Okoth akawapigia tena, safari hii kwa sauti ya kwaya. Kisha wakatoka kwenda kulijaribu gari barabarani, Wahome kwenye usukani, Okoth kando yake. Hilo halikuwa na mjadala. Hakuna mwenye gari mwenye akili timamu anayemwacha fundi atoke peke yake kwenda kulisikiliza, maana linaweza kusikilizwa hadi Namanga na kurudi limejaa mbuzi. Walipanda matuta, wakashuka, wakaingia kwenye mashimo ambayo Okoth mwenyewe huyakwepa. Gari lilinyamaza kabisa.

"Unaisikia?" Wahome aliuliza.

"Siisikii."

"Hiyo ni bushi," Wahome alisema.

Bushi, zile raba za kwenye mikono ya magurudumu, zikabadilishwa. Okoth alipoondoka peke yake hakufika hata kituo cha mafuta: krrr-tik-tik. Aligeuza gari, akarudi. Wahome akapanda tena, Okoth akakaa kando yake tena, kelele ikapotea tena, na Wahome akasema basi kama si bushi ni springi. Springi nazo zikabadilishwa. Okoth alipewa zile bushi kuukuu kwenye mfuko wa plastiki aende nazo nyumbani, kama mtu anavyopewa mabaki ya nyama harusini.

Fundi wa pili, Githinji, alikuwa wa kisasa. Alikuwa na kompyuta. Alichomeka waya wake chini ya usukani, akaitazama skrini kwa muda mrefu kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya, akatangaza kwamba kompyuta haioni tatizo lolote. Kwa hiyo ilibidi abadilishe vitu viwili zaidi. Yeye pia alijaribu gari na Okoth akiwa kando yake, na yeye pia hakusikia kitu, lakini alikiri kwamba jinsi Okoth anavyoiigiza inatisha.

Nyumbani mambo yalikuwa yakienda vizuri, au ndivyo Okoth alivyodhani. Nzisa hakuwahi kujali habari za gari, lakini sasa kila jioni alimngoja mlangoni.

"Leo imepiga?"

"Imepiga."

"Sana?"

"Kuanzia Athi River hadi kwa daraja. Halafu ikanyamaza kidogo, halafu ikaanza tena hapa kwa stage."

"Ilinyamaza kidogo," Nzisa alirudia, kana kwamba anaweka jambo hilo mahali pa kulipata baadaye. Kisha alitoka nje, akafungua mlango wa mbele wa abiria, akakitazama kiti. Siku moja Okoth alimwona akinusa mkanda. Alifurahi kwamba amepata mke anayeshirikiana naye katika shida za gari, na akawaambia hivyo wenzake wa besi.

Kisha ikaja ile jioni aliyofika amechoka, akatupa funguo mezani, akasema, "Leo imepiga toka Athi River mpaka hapa getini. Haijanyamaza hata dakika moja." Nzisa alisimama, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa ufunguo. Chakula hakikuletwa. Okoth alijikaangia mayai, akayala akiwa amesimama, na moyo wake uliguswa sana na jinsi mkewe alivyoumia kwa ajili ya pikapu.

Asubuhi iliyofuata alimwomba waende wote, amsikilizishe mwenyewe. Nzisa alikaa mbele, mkoba mapajani, midomo imebanwa. Walizunguka Kitengela nzima. Walipita nyuma ya machimbo, mahali ambapo malori yameichimba barabara mpaka inafanana na mlango wa mgodi wenyewe. Gari lilikuwa tulivu.

"Si unaona iko kimya," Nzisa alisema.

"Hupiga nikiwa peke yangu."

"Najua."

Aliisema kwa upole uliomtisha Okoth. Kisha akamgeukia.

"Baba Lennox, huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Huyo wa kelele."

Okoth alicheka. Hilo lilikuwa kosa, na alilijua kabla hajamaliza kucheka. Alijaribu kulirekebisha kwa kufanya kosa jingine kubwa zaidi: walipofika nyumbani alileta ule mfuko wa plastiki, akamwaga bushi kuukuu juu ya meza ya kulia, moja baada ya nyingine, aone kwamba kweli amekuwa kwa fundi Jumamosi zote zile na si mahali pengine.

Nzisa alizitazama. "Mtu hana makosa na anatembea na ushahidi kwa mfuko?"

Kuanzia siku hiyo hawakuzungumza ila habari za gesi na karo. Lennox, mtoto wao, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hapakuwa hata na mtu wa kutumwa katikati yao apeleke maneno. Okoth aliwaza sana. Hakuwa na mwanamke mwingine. Kusema kweli hakuwa na nguvu za kuwa na mwanamke mwingine; kati ya foleni ya Athi River na mazoezi ya kwaya, mwanamke huyo angepata nusu saa ya Jumatano na mwanamume aliyelala. Na alimpenda Nzisa. Alimpenda wazi wazi, kwa namna ambayo wenzake walimcheka, na sasa alikuwa karibu kumpoteza kwa sababu ya krrr-tik-tik.

Nzisa alimwita mjomba wake, Mzee Munguti, dereva mstaafu aliyeendesha magari ya wakubwa maisha yake yote na ambaye alizungumza juu ya injini kama watu wanavyozungumza juu ya shemeji zao. Okoth alifarijika. Hatimaye shahidi anayejua magari. Alimfungulia mzee mlango wa mbele, kama inavyopasa. Nani angemweka mzee kama yule kiti cha nyuma, kama mzigo? Nzisa alibaki nyumbani. Mzee Munguti alijifunga mkanda, akafumba macho, akasikiliza kutoka Kitengela hadi Isinya na kurudi.

"Hii gari ni mzima," alisema aliposhuka. "Sasa tunataka kujua kama wewe uko mzima."

Baada ya hapo Nzisa alifungasha.

Hakupiga kelele, hakutupa kitu. Alikunja nguo zake vizuri, akaziweka kwenye masanduku, akampigia simu mama yake, Kathini, aliyekuwa mjane na muuza nafaka katika soko la Kajiado. Mama alisema atakuja mwenyewe kumchukua. Okoth alijua maana yake. Mke akienda kupumzika kwao, huenda na mkoba. Mke akija kuchukuliwa na mama yake, wazee hukutana, maneno husemwa ambayo hayarudishwi, na nyumba inaweza kuishia hapo. Alikaa kitandani akitazama upande wa kabati ulio mtupu, na akalia kidogo, kwa besi.

Kathini alifika Jumamosi asubuhi na gunia dogo la ndengu. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye macho ya mtu aliyekaa sokoni miaka mingi akitazama mkono wa anayempimia. Alimsalimia Okoth akiwa mbali, akitazama ukuta ulio karibu naye. Hakuwa na ubaya. Wakamba huita jambo hilo nthoni: mama mkwe na mkwewe hawakaribiani, hawagusani, hawakai mahali pamoja kama marafiki. Wajaluo nao wana yao ya namna hiyo, na Okoth alilelewa vyema. Kwa miaka yote ya ndoa, wawili hao walikuwa wamezungumza kupitia kwa Nzisa, hata wakiwa wote watatu katika chumba kimoja, na walielewana kuliko watu wengi wanaozungumza wenyewe.

"Mwambie mume wako atupeleke," Kathini alimwambia bintiye. "Masanduku ni mengi. Sitapigania kiti kwa stage na hii gari yenye ilileta haya mambo imelala hapa."

"Mama anasema utupeleke," Nzisa alisema.

"Nimesikia," Okoth alisema.

Ndivyo Okoth alivyopewa heshima ya kumrudisha mke wake kwao kwa mafuta yake mwenyewe. Alipakia masanduku nyuma, akayafunga kwa kamba, akavuta kamba kuhakikisha haitalegea njiani. Kisha likaja suala la kukaa. Kathini hangekaa mbele bega kwa bega na mkwewe hata kama gari linawaka moto. Nzisa naye hangemwacha mama yake peke yake nyuma, na zaidi ya hayo, alikuwa hataki kukaa karibu na mtu fulani. Wote wawili walipanda nyuma. Kile kiti cha mbele, ambacho siku nyingine yoyote kingekaliwa na mgeni wa heshima, kilipewa gunia la ndengu, kwa sababu Kathini hakutaka vumbi lije kuliharibu kule nyuma kwenye mizigo.

Waliondoka kimya. Okoth alikuwa na tumaini moja tu, na lilikuwa tumaini la aibu: kwamba kelele itatokea. Aliomba. Alipita kila shimo kwa makusudi. Alipanda tuta la kwanza, la pili, akalenga gurudumu la kushoto kwenye jiwe lililokuwa limetulia kivyake. Kimya. Kelele iliyomfuata miezi mizima kama mdai haikuonekana siku aliyoitaka.

"Mwambie aendeshe polepole," Kathini alisema nyuma.

"Mama anasema polepole."

Walipita mabango ya ploti, maduka ya mabati, kisha nyasi na miiba mpaka upeo wa macho. Walipofika Isinya, Kathini aliomba gari lisimame. Ndengu haikuwa zawadi ya kurudi nayo Kajiado. Mama yule hakuwahi kusafiri bila kuuza kitu, hata akienda kuvunja ndoa. Mteja wake, mwenye hoteli kando ya barabara, alikuja akabeba gunia kutoka kiti cha mbele, akampa Kathini mkono, akamsalimia Okoth kwa Kimaasai, "Sopa," Okoth akajibu "Epa" bila kumtazama, na wakaendelea.

Tuta la kwanza baada ya Isinya, gari likasema krrr-tik-tik.

Okoth hakuamini. Alishika usukani kwa nguvu. Tuta la pili: krrr-tik. Krrr-tik-tik-tik.

"Mmesikia?" aliuliza, na sauti yake haikuwa besi tena. "Mama Lennox, umesikia?"

Okoth alimtazama kwenye kioo. Uso wa mkewe ulikuwa umebadilika, macho yameganda kwenye kiti kile kitupu kilicho mbele yake. Hakuwa na uso wa mtu aliyethibitishiwa kitu. Alionekana kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Kathini alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anavyofanya akitikisa maharagwe kusikia kama yamekauka. "Mwambie asimame."

Okoth alisimama kando ya barabara. Mwanamume mmoja mwenye shuka alikuwa akivusha mbuzi wake, akasimama nao kutazama, kwa kuwa hakuwa na haraka.

"Nzisa," mama alisema. "Toka uende ukae mbele."

Nzisa alishuka, akakaa mbele. Okoth aliendesha mbele kidogo, akageuza, akalirudia tuta lile lile. Kimya.

"Sasa rudi hapa nyuma."

Alirudi nyuma. Wakapita tuta. Krrr-tik-tik.

"Mwambie aingize mkono chini ya hicho kiti," Kathini alisema. "Si chini ya gari. Chini ya kiti."

Okoth alishuka, akazunguka, akapiga magoti kwenye vumbi. Mafundi wawili na kompyuta moja walikuwa wamelala chali chini ya pikapu ile, wakapima kila kitu kinachozunguka, na hakuna aliyefikiria mahali anapokalia mtu. Aliingiza mkono katikati ya springi za kiti. Vidole vikagusa glasi. Alitoa chupa ndogo, ya ukubwa wa chupa ya dawa ya kikohozi, yenye mafuta ndani na kifuniko cha bati, na shingoni utepe mwekundu uliochakaa mpaka kubaki nyuzi. Ilikuwa imekaa kati ya springi na chuma cha kiti. Mtu akikaa, springi zinashuka na kuibana. Mtu akitoka, inabaki huru kucheza na kugonga.

"Kuna mtu amenitegea kitu," Okoth alisema. "Huyu aliyeniuzia gari. Nilijua. Alikuwa anacheka sana."

"Ni yangu," Nzisa alisema.

Alikuwa ameshuka na kusimama nyuma yake. Alizungumza akitazama ile chupa, si mume wake. Okoth aliponunua gari, wanawake wa mtaani walimwambia Nzisa kwamba mwanamume wa pikapu ya milango minne hakai peke yake, kwamba kiti cha mbele hakikosi mwenyewe. Aliwacheka. Kisha akakosa usingizi. Akaenda kwa mama mmoja nabii mwenye kanisa la mabati nyuma ya mabucha, na mama nabii akamwombea mafuta, akamwambia ayafiche chini ya kiti.

"Akasema mwanamke mgeni akikalia hicho kiti, gari itapiga kelele yenyewe," Nzisa alisema. "Na nikikaa mimi mwenye nyumba, itanyamaza."

Okoth alibaki kwenye magoti. Mbuzi mmoja alipiga chafya.

"Halafu ukakuja ukaniambia inapiga kelele," Nzisa aliendelea. "Wewe mwenyewe. Kwa mdomo wako. Nikajiuliza, huyu mtu hana hata haya? Kila siku unakuja unaniambia imepiga kutoka wapi hadi wapi, na mimi namuona amekaa hapo. Mahali ilinyamaza, nilijua ndio ulimshukisha."

"Nilikuambia nilikuwa peke yangu," Okoth alisema. "Kila siku nilikuambia."

"Uliniambia."

"Na ni kweli nilikuwa peke yangu. Si unaona? Ilikuwa inapiga kwa sababu hakuna mtu."

Alitaka kulisema kwa hasira, lakini lilitoka kwa sauti ya mtoto aliyeonewa shuleni. Alikumbuka maswali ya mlangoni, mkanda ulionuswa, mayai aliyoyala amesimama huku akijivunia mke mwenye huruma na magari. Sikio lake lote, miaka yake yote ya besi, na hakuwa amesikia kitu kimoja ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hilo lilimuuma. Lakini lililomuuma zaidi ni kwamba kelele haikuanza na gari. Ilianza siku mkewe alipokosa usingizi na asimwamshe.

Kathini alikuwa ameshuka pia. Aliichukua chupa kutoka mkononi mwa bintiye, maana Okoth alikuwa amempa bila kujua, akaifungua, akanusa.

"Hii ni mafuta ya kupika," alisema. "Alizeti. Na si hata ile nzuri."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya harusi. Alimgeukia Okoth mwenyewe, si ukuta, si Nzisa, akamtazama usoni.

"Mwanangu," alisema. "Gari yako haina shida."

Okoth aliinama, kama inavyopasa. Kathini aliifunga chupa, akamrudishia, akapanda gari, na nthoni ikarudi mahali pake. "Mwambie twende," alimwambia bintiye. "Leo ni siku ya soko."

Okoth angeweza kuitupa chupa ile kwenye nyasi. Hakuitupa. Aliinama, akairudisha palepale ilipokuwa, kati ya springi na chuma, akaketi kwenye usukani. Wakaenda hadi Kajiado, wanawake wawili nyuma, kiti kitupu mbele, krrr-tik-tik njia nzima, na hakuna aliyeomba redio iwashwe.

Sokoni Kathini alishuka. Nzisa alishuka pia, akasimama kando ya masanduku yake, yakiwa bado yamefungwa nyuma ya pikapu, asijue ayashike au ayaache.

"Hiyo mizigo ni ya nini?" mama yake aliuliza. "Mimi niko na chumba kimoja na magunia."

Akaingia sokoni bila kugeuka nyuma. Nzisa alibaki amesimama. Okoth hakushuka kumsaidia, wala hakuwasha injini. Baada ya muda Nzisa alizunguka gari, akafungua mlango wa mbele wa abiria.

"Kaa nyuma," Okoth alisema.

"Baba Lennox."

"Si kwa ubaya. Umeniuliza kila siku kama imepiga. Leo kaa nyuma usikie vile hupiga."

Nzisa alifunga mlango wa mbele taratibu, akafungua wa nyuma, akaketi, akafunga mkanda. Walitoka mjini. Tuta la kwanza likapiga, la pili likapiga, na kila lilipopiga Okoth alimwona kwenye kioo akifumba macho kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu kelele ile ianze, hakuwa akijiuliza inatoka wapi.

Walipokaribia Isinya, Nzisa alikuwa akilia bila sauti.

"Nisamehe," alisema. "Naomba nikuje mbele."

Okoth alipunguza mwendo. Alikitazama kiti kile kwa muda, akakipangusa vumbi kwa mkono, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Tufike Kitengela kwanza," alisema.

Akapanda tuta, na wote wawili wakasikiliza.